Nani Alianza Kukunja Sambaza

Mtu aliyenifundisha kukunja sushi alipoteza nafasi yake kwa sababu ya maneno yangu, na kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi alikuwa amekufa. Ninalisema hili mwanzoni ili asije mtu akadhani nataka kujisafisha.

Alikuwa mtu wa Lubumbashi, Katanga, kusini mwa Kongo, wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na mashati yake yalipigwa pasi hata yale ya kuvaa chini ya aproni. Mimi ni mtu wa Bukavu, mashariki, kando ya ziwa la Kivu. Tulikutana jikoni Koekelberg, mtaa wa Brussels, katika mkahawa wa sushi ulio nyuma ya basilika, ambako nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo baada ya miaka mitatu ya kusafisha ofisi. Hatukuwa ndugu, lakini nilimwita tonton, yaani mjomba, tangu siku ya kwanza, naye aliniita mutoto, ingawa nilikuwa na watoto wangu wawili shuleni. Yeye mwenyewe alianza na vyombo. Alipofika Ubelgiji aliosha sahani kwa Mjapani mmoja mzee, mjini kati, na yule mzee alipoona mikono yake haina papara alimpa mkeka mdogo wa mianzi akamwambia ajaribu.

Ndivyo alivyonifanyia mimi pia. Siku moja mchana, wateja wa chakula cha mchana walipokwisha ondoka, aliniita kutoka kwenye sinki.

"Kuya hapa. Tia maji kwa mikono. Kidogo. Sasa kamata muchele. Apana, usiikamue kama bilamba ya kufua! Muchele inakufa."

Nilijifunza. Unalaza karatasi ya mwani juu ya mkeka, unaitandazia wali wenye siki, halafu unaigeuza ili wali uwe chini, unaweka parachichi, tango na vijiti vya kaa katikati, unakunja. Wali unabaki nje na mwani unafichwa ndani. Wateja wetu waliupenda mkunjo huo kuliko wote. Waliuita California, nasi tuliukata kuanzia asubuhi hadi jioni, vipande vinane vinane, mpaka viganja vikanuka siki hata siku ya kanisa.

Juu ya California kulikuwa na ubishi wa miaka. Mwenye mkahawa, Mbelgiji ambaye sote tulimwita patron, alikuwa amewahi kuishi Canada, na alikuwa amechapisha kwenye menyu kwamba mkunjo huo ulibuniwa Vancouver na mpishi wa Kijapani aliyewaona Wazungu wa huko wakiogopa kuuona mwani, akauficha ndani ya wali. Jina lilikuja kwa sababu wageni kutoka California waliupenda sana. Tonton hakuikubali habari hiyo hata kidogo. Mjapani wake alikuwa amemwambia kwamba jambo hilo lilianzia Los Angeles, kwa mpishi aliyekosa tuna nzuri miezi fulani ya mwaka, akaona parachichi lina mafuta yaleyale mdomoni, akaliweka mahali pa samaki.

"Patron alikaaka Canada miaka mbili tu," aliniambia huku anafuta kisu, "sasa kila kintu inatoka Canada. Hata mvua."

"Si umwambie, tonton?"

"Nimwambie nini? Yule muntu wa Los Angeles, banasema alikufa bantu bakingali banamubishia. Na mwenye Canada anasema ni yeye. Labda bote babili banasema kweli. Kila muntu alikuwa kwa jikoni yake, hakumuona mwenzake. Donc, kata matango."

Nilicheka. Sikuona kwa nini mtu mzima aumize kichwa kwa ajili ya wali na parachichi.

Kilichotutenganisha kilitokea mchana wa majira ya baridi, mwaka wangu wa nne. Gari la vyakula halikuleta vijiti vya kaa. Patron alikuwa safarini. Tulikuwa tumebaki na wali mwingi, parachichi, na chakula changu nilichotoka nacho nyumbani Ganshoren, mtaa wa jirani: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa la Kivu, wa urefu wa kidole, niliowanunua wakavu madukani kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, nikawakaanga mpaka wakawa wanavunjika kwa kelele. Nilikula nao ugali, nimesimama, kama tulivyokula sote. Tonton alikuwa kando yangu. Baada ya dakika kumi kulikuwa na mkunjo juu ya ubao, wali nje, parachichi, sambaza na pilipili kidogo ndani, na sisi wawili tukiula hadi kipande cha mwisho, kwa sababu ulikuwa mtamu kupita tulivyotegemea.

Ni zile dakika kumi ambazo zimeniharibia maisha. Kwa muda mrefu ningeapa mbele ya padri kwamba nilisema, "Tonton, na hizi zangu je?" nikasogeza bakuli. Yeye alikumbuka kwamba alinyoosha mkono mwenyewe, akachukua samaki watatu, nami nikamwambia anaharibu chakula changu. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine.

Patron aliporudi aliuonja, akaagiza uwekwe kwenye menyu. Mwezi haukuisha kabla watu hawajaanza kuja kutoka mitaa mingine kwa ajili yake. Wakongo walikuja na familia zao, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kula sushi, wakila kwa mashaka na kisha kuagiza tena. Nilikuwa najivunia. Kila sahani ilipotoka nilijiambia moyoni kwamba kitu cha kwetu kiko kwenye ile sahani nyeupe, na kwamba mimi ndiye niliyekileta.

Patron akaanza kuzungumza habari ya kufungua mkahawa wa pili, Ganshoren, na kila mtu alijua tonton ndiye atakayeongoza jikoni huko. Alistahili. Alikuwa ameusubiri wadhifa huo kwa miaka kumi na mitano. Halafu akaja mwanamke mwenye kamera, anayeandika juu ya vyakula katika gazeti moja dogo. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Alipiga picha ya tonton akiwa ameshika ubao, na wiki iliyofuata gazeti lilikuwa limebandikwa mlangoni.

Nililisoma nikiwa bado nimevaa koti. Tonton alikuwa amesema kwamba wazo lilimjia kutoka utoto wake Katanga, alipokuwa akila ndakala, samaki wadogo wa kwao, kwa mama yake. Jina langu halikuwemo. Hilo ningelivumilia. Lakini samaki wangu walikuwa wamegeuzwa kuwa ndakala wa Katanga, na Kivu haikutajwa popote, na mimi nilifika nchi hii nikiwa nimeacha kila kitu kwenye ukingo wa lile ziwa, pamoja na mume niliyemzika bila jeneza. Najua samaki ni samaki. Siku ile sikujua.

Nilimkuta anachanganya siki.

"Tonton, niko naomba kujua. Wale samaki walitokaka wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyekuwa akilitarajia swali. "Kwa sahani ya weye. Nani anakatala?"

"Gazeti."

"Bon. Ule mama aliniuliza mawazo ilitoka wapi, hakuniuliza samaki ilitoka wapi. Mawazo ni ya miye."

"Ungepata wapi hayo mawazo kama si kwa sahani yangu?"

"Kwani kwetu ndakala hatukulaka?" Sauti yake ilipanda. "Nyinyi bantu ya Bukavu munazania samaki kidogo yote ya Congo ni ya kwenu."

Angesema neno lolote jingine, mambo yangepita. Hilo la "nyinyi bantu ya Bukavu" lilinikaa rohoni siku tano. Siku ya sita, Jumanne asubuhi, kabla tonton hajafika, nilipanda ngazi mpaka ofisini kwa patron, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba tonton amelidanganya gazeti. Nilisema samaki ni wangu, wazo ni langu, na kwamba alikuwa amejaribu kulifuta jina langu. Nilisema pia, na hili hakuna aliyeniuliza, kwamba kila siku anasimama jikoni akisema menyu ya patron ina uongo kuhusu California.

Patron alinisikiliza hadi mwisho akichezea kalamu. Nilidhani atanishukuru.

Alituita wote wawili mchana. Tulisimama katikati ya maboksi ya vijiti vya kulia kama wanafunzi waliopigana.

"Samaki walikuwa wa nani?" aliuliza.

"Walikuwa wa huyu mama," tonton alisema.

"Kwa nini hukumwambia mwandishi?"

Tonton alinigeukia. Aliyatazama mabega yangu, si uso, na nilimwona akielewa jinsi jambo lilivyofika pale. Patron akashusha pumzi, akasema kwamba yeye hawezi kuwa na ugomvi wa jikoni unaoandikwa magazetini, na kwa kuwa sisi wawili hatukubaliani, kuanzia leo mkunjo ule ni wa nyumba, yaani wa mkahawa. Utaandikwa hivyo: ubunifu wa nyumba. Kuhusu Ganshoren, atafikiri upya. Anahitaji mtu ambaye wenzake wanamwamini.

Tukashuka ngazi. Nilikuwa nyuma. 

Kuanzia siku ile tonton hakunisemesha Kiswahili tena. Alinisemesha Kifaransa, na katika Kifaransa aliniita vous, ile "ninyi" ya heshima, kama mtu anavyomwita karani wa benki. "Vous me passez le sésame?" angeuliza akitaka ufuta. Tulisimama bega kwa bega saa nane kwa siku, akiniita hivyo. Kisu alikilaza juu ya ubao ili nikichukue mwenyewe, asije akanigusa vidole. Neno mutoto sikulisikia tena, na sikujua ningelikosa kiasi hicho. Nilipokosea, hakunirekebisha. Aliuacha wali wangu ufe.

Ganshoren ilifunguliwa chini ya kijana aliyeletwa kutoka mkahawa mwingine, ambaye tonton ilimbidi amfundishe kukunja mkunjo wa sambaza kabla hajaanza. Nilimwona akimfundisha. Alifanya kazi hiyo vizuri, kwa subira, akimwonyesha mara mbili kila hatua. Jioni ile aliikunja aproni yake, akaiweka juu ya kabati, na Jumatatu hakuja. Nilisikia kanisani kwamba amepata kazi katika ghala la samaki, kwenye vyumba vya baridi, anakata minofu kuanzia alfajiri.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa Jumamosi, Chaussée de Wavre, watu wamejaa barabarani na mifuko yao. Alikuwa anatoka kwenye duka la vyakula, amevaa koti zito, na mikono yake, ile mikono isiyo na papara, ilikuwa imevimba na kupasuka kwenye viungo. Alikuwa anahangaika kufunga kifungo cha koti na kifungo kilimshinda. Ningeweza kumfungia. Nilikuwa umbali wa hatua kumi. Badala yake niliingia kwenye duka la vitenge, nikasimama nyuma ya vitambaa vilivyoning'inizwa, nikajifanya nachagua, hadi muuzaji aliponiuliza mara ya tatu kama nahitaji msaada.

Habari ya kifo ililetwa na kina mama wa kanisa kwenye simu. Alianguka asubuhi kwenye kituo cha tramu akienda kazini. Mshipa ulipasuka kichwani. Hakuamka.

Nilienda kwenye kilio, nyumbani kwake, si mbali na mkahawa. Sikuwahi kufika pale kabla. Picha yake ilikuwa mezani na kitambaa cheupe, viti vya kukodi vimejaa sebuleni, na kina mama jikoni. Nilivua koti nikaingia jikoni, kwa sababu huko mtu anaweza kuwa na kazi bila kuulizwa maswali. Nilipewa vitunguu. Nilikuwa nimefika nusu ya gunia dogo aliponijia binti yake mkubwa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho yamevimba.

"Maman, ni weye ulitumikaka na papa kwa sushi?"

Nilisema ndiyo.

"Merci mingi juu ulikuya. Niko naandika ile maneno ya kusoma kanisani kesho. Ninapenda kusema juu ya ule roll ya ndakala. Kwa restaurant banasema ni ya nyumba, mais alors, sisi kwa famille tunajua ni papa. Weye ulikuwa pale. Ni papa, non?"

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Kabla sijajibu alianza kutabasamu kidogo, kama mtu anayekumbuka.

"Alikuwa anatufanyia hii tangu tuko batoto. Mercredi, kama hatuna masomo mchana. Anakaanga ndakala, anatia ndani ya muchele, anazungusha na ule karatasi ya nyeusi. Sisi hatukupenda karatasi. Tulikuwa tunaitosha, tunaiweka pembeni. Njo akaanza kuificha ndani."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Alihesabu kwa vidole. Ilikuwa miaka kumi na zaidi kabla mimi sijakanyaga jiko lile.

Nilijaribu kuirudia siku ile ya baridi kichwani, pale pale, na vitunguu machoni. Nilijaribu kujisikia nikisema, "Na hizi zangu je?" Maneno yalikuwepo, lakini sasa niliona pia mkono wake ukinyooka, nikasikia sauti yangu ikimwambia anaharibu chakula changu, na sikujua ni lipi lililotokea na ni lipi nimelijenga mwenyewe. Huenda yote mawili. Huenda nilimsogezea bakuli, naye akaona ndani yake Jumatano za watoto wake, na kila mmoja wetu akawa na haki yake. Angeweza kunieleza. Mbona hakunieleza? Halafu nikakumbuka kwamba nilipomuuliza, sikumuuliza. Nilimshtaki.

"Ni papa yako," nilimwambia. "Ni yeye."

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimefanya jambo moja jema. Lakini nilikuwa nimelibeba kwa muda mrefu, na yeye alikuwa na macho ya baba yake. Nikamwambia yote: ofisi, patron, Jumanne, Ganshoren. Niliongea upesi na kwa sauti ya chini. Kina mama wengine walikuwa wakiimba sebuleni.

Alisikiliza bila kusogea. Nilipomaliza alisema, "Papa alituambia tu patron alibadilisha mawazo. Hakusema jina ya muntu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Juu ya nini unaniambia leo?" Hakupandisha sauti. "Leo, maman? Niko na mwili ya papa kwa morgue. Unataka nikujibu nini?"

Nilishika kitunguu kingine. Alikichukua kisu mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu chenye ncha, akakiweka ndani ya sinki. "Bengine batamaliza," alisema, akatoka. Nikanawa mikono, nikachukua koti langu, nikapita katikati ya viti nikiwapa watu mkono mmoja mmoja, kwa sababu huwezi kutoka kwenye kilio bila kuwapa watu mkono.

Kesho yake kanisani nilikaa karibu na mlango. Binti alisoma kwamba baba yake alileta samaki wa kwao ndani ya sushi ya Brussels na kwamba watu wengi waliila bila kujua jina lake. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo si la kawaida kwenye misa ile. Hakutazama upande wangu. Alikuwa amepata nafasi ya kunitaja, kwa ubaya au kwa wema, na hakunitaja kabisa.

Wiki iliyofuata nilipanda tena ngazi zile. Nilimwambia patron kwamba nilikosea, kwamba mkunjo ni wa marehemu, na nikamwomba aandike jina lake kwenye menyu. Alisema ameguswa, alikuwa mtu mzuri. Alisema menyu mpya iko tayari kwa mchapishaji na mkunjo wa sambaza haumo tena, maana Ganshoren walikuwa wakilalamikiwa kuhusu harufu ya kukaanga samaki. Kisha akaniuliza kama naweza kuanza mapema siku ya Ijumaa.

Niliacha kazi mwaka huo. Sasa nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nawaogesha na kuwalisha, na ni kazi ninayoiweza. Sushi sili. Watoto wangu wakiinunua naondoka mezani, nao wamezoea.

Binti yake alinipigia simu mara moja, karibu mwaka mmoja baadaye. Hakusalimia kwa urefu. Alikuwa anataka kuwafanyia watoto wake mkunjo ule siku ya kumbukumbu ya baba yake, lakini kila mara wali ulikuwa unamwagika. Nilimuuliza anautandaza vipi. Tuliongea labda dakika ishirini, juu ya siki, juu ya maji ya mikononi, juu ya kutouminya wali. Nilimwambia samaki awaweke mwisho kabisa, wakiwa bado wa moto kidogo. Nilisikia watoto nyuma yake na sauti ya mafuta.

"Sawa," alisema. "Inashika sasa."

Nilisubiri aseme kingine. Akaniambia asante, maman, akakata simu. Namba yake ninayo bado. Mimi sijampigia, na yeye hajanipigia tena.